Makumbusho ya magari yalivyomfanya Babu awataje ng'ombe wa Bibi

Mzee anapotoka nyumbani kwenda kuwatembelea watoto wake walioko ughaibuni, wiki ya kwanza huwa ya shangwe. Mizigo hufunguliwa, salamu za ndugu hufikishwa, picha hupigwa na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wiki ya pili mambo hupoa. Baba anarudi kazini, mama anarudi kazini, watoto wanakwenda shule, na mzee anabaki dirishani akitazama magari yanavyopita. Ikifika wiki ya tatu, wajukuu wanasema "Shikamoo, Babu," yeye anaitikia "Marahaba," na mazungumzo yanaishia hapo.

Si kwamba hawapendani. Wanakosa jambo ambalo pande zote mbili zinalijua. Mjukuu hakijui kijiji, babu haujui mchezo wa kwenye simu, na wazazi walio katikati wamechoka kutafsiri.

Hali hiyo iliikuta familia moja ya Kitanzania inayoishi Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Babu, dereva mstaafu wa malori mwenye umri wa miaka 77 kutoka Makambako, alikuwa amebakiza siku tisa arudi nyumbani. Mjukuu wake wa kiume, miaka 14, anakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kijerumani. Mdogo wake wa kike, miaka tisa, amepewa jina la marehemu bibi yake, kwa hiyo Babu humtania kwa kumwita "mke wangu".

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Kabla ya safari, Babu alikuwa amewaeleza watoto wake watatu wa kiume kwamba anataka kuigawa nyumba ya Makambako angali hai, pamoja na fremu zake tatu za maduka. Mabinti zake wawili hawakuwamo kwenye mgawo huo. Mkubwa wao alimpigia kaka yake wa Stuttgart usiku akilia. Kaka alimwahidi kuzungumza na mzee atakapofika, lakini wiki tatu zilipita bila kujua aanzie wapi. Mtoto hamuulizi baba yake mali anaigawaje, ndivyo alivyolelewa.

Aliyetoa wazo la kutoka alikuwa mama wa nyumba. Alipendekeza Jumapili waende wote kwenye makumbusho ya Mercedes-Benz. "Baba ameshika usukani maisha yake yote," alimwambia mumewe, "na hawa watoto wanapita pale na treni kila siku, ndani hawajaingia."

Unaanzia juu, unashuka

Makumbusho hayo yako jirani na kiwanda, na ukishuka kituo cha treni cha Neckarpark unatembea kwa miguu. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2006, na ndani yake kuna magari kama 160 ya kila aina: ya mbio, ya wakubwa, mabasi, malori, ya zimamoto na ya wagonjwa. Jumatatu hufungwa.

Utaratibu wake ni wa kipekee. Mgeni hapandi ngazi. Anaingia kwenye lifti, anapelekwa ghorofa ya juu kabisa, kisha anashuka taratibu kwa miguu kwenye njia inayozunguka kama konokono, kutoka mwaka 1886 hadi leo. Kwa mzee mwenye magoti mabovu hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu mwendo mwingi ni mteremko. Familia ile ilichukua zaidi ya saa tatu, pamoja na kupumzika.

Lifti ilipofunguka juu, kitu cha kwanza walichokutana nacho hakikuwa gari. Alikuwa farasi mweupe. Mtoto wa kike aliuliza farasi anafanya nini kwenye nyumba ya magari. Kaka yake alisoma maelezo ya ukutani, yaliyoandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, halafu akakwama; ilimbidi amfafanulie Babu, na Babu Kijerumani hakijui. Akaanza kwa Kiswahili cha kuokoteza: zamani, kabla ya gari, watu walitegemea farasi.

Hapo ndipo kijana alipopewa kazi. Wazazi hawakupanga iwe hivyo, lakini tangu hapo yeye ndiye aliyesoma na kutafsiri, na Babu akawa anauliza. Neno likimshinda kijana, Babu analikisia. Alipohangaika kueleza kitu kinachochanganya hewa na mafuta kabla ya kuingia kwenye injini, Babu alidakia, "Kabureta hiyo." Kijana akalirudia neno.

Hatua chache mbele ya farasi kuna gari la magurudumu matatu la Karl Benz, alilolipatia hati ya ubunifu Januari 29, 1886. Nguvu yake haifikii hata ya farasi mmoja, na mwendo wake ni kilomita kama 16 kwa saa. Katika ukumbi huohuo kuna gari la magurudumu manne la Gottlieb Daimler wa Cannstatt, ambaye mwaka huohuo alikuwa akihangaika na jambo hilohilo kivyake. Kampuni za watu hao wawili zilikuja kuungana mwaka 1926, wakati Daimler mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Mtoto wa kike yeye alifurahishwa na jina. Mercedes halikuwa jina la fundi wala la tajiri mwenye kiwanda. Ni jina la binti, Mercédès, mtoto wa mfanyabiashara Emil Jellinek aliyekuwa akinunua na kuuza magari ya Daimler. Jellinek alitaka gari jipya liitwe kwa jina la mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na ushee, na mwaka 1902 jina hilo likasajiliwa kuwa nembo ya biashara.

"Kwa hiyo ni gari la msichana!" alisema mtoto.

"Ndiyo, mke wangu," Babu akamjibu. "Na wewe umebeba jina la mtu. Jina si kitu kidogo."

Mama, watoto wawili na pini ya kofia

Kisa kilichobadilisha siku hiyo ni cha Bertha, mke wa Karl Benz. Agosti 1888, miaka miwili baada ya hati kutolewa, gari lilikuwa bado halina wanunuzi wa maana. Watu waliliogopa, na Karl mwenyewe hakuwa mtu wa kujitangaza. Asubuhi moja, bila kumuaga mumewe, Bertha alilitoa gari pamoja na wanawe wawili, Eugen mwenye miaka 15 na Richard mwenye miaka 13, wakaondoka Mannheim kwenda Pforzheim kumsalimia mama yake. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa amesafiri umbali kama huo kwa gari la injini.

Kwa maneno mengine, safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa ya mama na watoto kwenda kwa bibi.

Vituo vya mafuta havikuwapo. Gari lilitumia ligroini, dawa ya kusafishia madoa, na Bertha aliinunua kwenye duka la dawa katika mji wa Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka, aliukinga kwa ukanda wa soksi. Breki za mbao zilipokwisha, fundi viatu alizipigilia ngozi. Kwenye vilima watoto walishuka wakasukuma. Jioni walipofika, Bertha alimpelekea mumewe simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama. Baadaye alimshauri aongeze gia ya kupandia mlima, kwa sababu aliyesukuma gari ndiye ajuaye lilipopungukiwa.

Babu alisikiliza tafsiri ya mjukuu wake mpaka mwisho, kisha akacheka hadi watu wakageuka. "Hao watoto walikuwa matandiboi!" alisema. Akaanza kueleza: yeye mwenyewe alianza kazi mwaka 1966 akiwa tandiboi, kijana wa miaka 18, kwenye malori yaliyobeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru huko Rhodesia, na Zambia ikakatiwa mafuta yaliyopitia upande huo. Bomba la TAZAMA lilikuwa bado; lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilikuwa bado. Ujenzi wake ulianza mwaka 1970. Kilichokuwapo ni malori na barabara ya vumbi, ambayo masika yakifika hugeuka tope.

"Mlima Kitonga tunapanda usiku," alieleza. "Dereva anakanyaga mafuta, mimi natembea nyuma na gogo. Lori likisita tu, naliweka gogo chini ya tairi. Ukichelewa, linarudi na watu wake." Akamwonyesha mjukuu kidole cha mkono wa kushoto kisichokunjika. Kijana alikuwa amekiona kidole hicho kwa wiki tatu, na hakuwahi kuuliza.

Hata baba wa familia hakuwa na habari ya gogo. Alikua akimwona mzee wake mara moja kwa mwezi, akija na mikate ya mjini, akilala mchana kutwa, akiondoka alfajiri. Kichwani mwake lori lilikuwa kitu kilichomchukua baba. Siku hiyo alisikia kwa mara ya kwanza kilichokuwa kikitendeka upande wa pili wa barabara. Pengine alijiona na yeye, kwani kazi yake ya ghalani ni ya zamu za usiku, na mwanawe humwona akiwa amelala.

Lori lilinunuliwa kwa hela ya nani?

Kijana ndiye aliyeuliza swali lililofungua mlango. Katika ukumbi wa magari ya mizigo Babu alisimama muda mrefu mbele ya lori moja la zamani, akasema lake lilikuwa 911. Kijana akaruka. Kwa mtoto wa Stuttgart, 911 ni Porsche.

"Babu, wewe umeendesha 911?" aliuliza, kwa Kiswahili.

Ilibidi waelezane. Kwenye malori ya Mercedes ya wakati ule, 9 ilikuwa tani, uzito wa gari pamoja na mzigo wake, na 11 ilionyesha nguvu za farasi kama 110. Babu alilinunua likiwa limetumika, mwaka 1981, kutoka kwa mfanyabiashara wa Iringa. Kwa lori hilo alisomesha watoto watano na kujenga nyumba.

"Hela ulipata wapi?" kijana akauliza. Wazazi wake wasingethubutu kuuliza hivyo. Lakini mjukuu ana ruhusa ambayo mtoto hana.

Babu hakujibu mara moja. Alimwambia kijana arudie ile habari ya mali ya Bertha. Ni habari fupi: kabla ya ndoa yao ya mwaka 1872, karakana ya Karl ilikuwa karibu kumponyoka kwa sababu ya mshirika asiyeaminika. Bertha aliomba apewe mapema sehemu ya mali yake ya ndoa, ambayo kwa desturi ya kule ilitoka kwa wazazi wa binti, akaitoa ili mchumba wake amlipe mshirika huyo aondoke. Bila fedha hiyo, huenda gari lisingekuwapo.

"Bibi yako alikuwa na ng'ombe sita," Babu alisema hatimaye. "Alirithi kwa mama yake. Akauza wote, akaweka na viazi vya misimu miwili. Mimi nilichotoa ni kidogo. Kadi ya gari ikaandikwa jina langu, maana dereva nilikuwa mimi."

Mwanawe, miaka 46, hakuwahi kulisikia hilo. Hakusema lolote juu ya dada zake. Hakuhitaji. Mzee aliendelea mwenyewe: kama lori lilijenga nyumba, na ng'ombe walinunua lori, basi nyumba ile ina mwenyewe wa pili, na mwenyewe huyo aliacha watoto watano, siyo watatu.

Waliendelea kushuka. Kwenye ukumbi wa mabasi Babu alilipenda basi moja la Argentina la mwaka 1969, lililopakwa rangi na mapambo kila mahali, akasema hilo lingepata abiria Mbeya bila kupiga debe. Jioni hiyo alimpigia simu binti yake mkubwa. Hakuna aliyesikia walichozungumza, kwa sababu alitoka nje na simu.

Mchango usioandikwa kwenye kadi

Familia nyingi zina "ng'ombe sita" zao. Nyumba ina hati yenye jina la baba, gari lina kadi yenye jina la baba, duka lina leseni yenye jina la baba. Mtaji ulitoka kwenye vitumbua, kwenye upatu, kwenye kitenge kilichouzwa mnadani. Mama akifariki, habari hiyo huzikwa naye, na watoto hugawana kwa kufuata majina yaliyo kwenye karatasi.

Sheria ya Tanzania imelitazama jambo hili kwa upande wa wanandoa wanaoachana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika kupata mali, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Urithi una taratibu zake nyingine, kwa hiyo uamuzi huo hautatui kila mgogoro wa mirathi. Lakini hoja yake mzazi yeyote anaweza kuitumia anapoandika wosia: mali hii ilipatikanaje, na nani walitoa jasho?

Hata Bertha Benz alichelewa kuandikwa. Jumba la heshima la watu wa magari nchini Marekani lilimwingiza mumewe mwaka 1984. Yeye aliingizwa mwaka 2016, miaka 72 baada ya kufariki kwake.

Kwa familia inayopanga kutoka

Si lazima kufika Stuttgart. Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yana magari ya zamani, likiwamo Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Nairobi kuna makumbusho ya reli, yenye behewa ambalo ofisa wa polisi Charles Ryall alichukuliwa na simba mwaka 1900 pale Kima. Aliyekuwa karani apelekwe penye mashine za chapa, mvuvi penye vyombo vya bahari. Cha msingi ni mahali ambapo mzee ndiye anayejua zaidi kuliko watoto.

Mambo machache yalisaidia siku ile. Kijana alipewa kazi ya kutafsiri, hivyo hakupata nafasi ya kuchoka. Mzee hakukatizwa hata alipokwenda mbali na gari lililokuwa mbele yake. Walikaa kila palipokuwa na benchi, na walibeba maji na maandazi ya kula nje. Na wazazi walinyamaza. Wangelileta suala la nyumba mezani kama kikao, wangejibiwa kama kikao.

Atakayejaribu na aulize pia habari za mikono, si za mashine peke yake: nani alisukuma, nani alipika, nani aliuza nini ili kitu hiki kinunuliwe. Mtoto aachwe aulize, kwani swali la mtoto halina shari. Mzee akikubali, simu irekodi sauti yake.

Yanayosemwa kwenye matembezi yanapaswa kufika kwenye karatasi. Wosia wa maandishi wenye mashahidi huokoa ndugu wengi, na nchini Tanzania RITA hutoa huduma ya kuandika na kuhifadhi wosia. Babu wa Makambako ameshaomba mwanawe wa Stuttgart awepo kwa simu siku atakapowaita watoto wote watano. Kaka wawili waliobaki bado hawajaafiki. Mmoja anauliza kwa nini habari ya ng'ombe haikusemwa miaka yote hiyo. Ni swali la haki, na mzee ndiye atakayelijibu, mbele ya wote.